Muslimo na Malisho Yaliyofungwa

Ukitoka Balambala ukauacha mto Tana mgongoni, utapita kwanza kwenye vumbi jekundu na vichaka vya mathenge, miti ya miiba isiyoruhusu kitu kingine kuota chini yake. Kisha, bila kutarajia, utakuta ua mrefu wa matawi ya mgunga, na nyuma yake nyasi zinazofika magotini. Nyasi hizo zilipandwa na wanawake. Aliyewaita wakaanza ni Muslimo, mjane mwenye mwili mwembamba na sauti ya chini, ambaye hata leo ukimsifia kazi hiyo atakuuliza habari za nyumbani kwako.

Muslimo alikuwa mtoto wa mwisho. Baba yao alifariki kabla Muslimo hajajifunza kutembea, na aliyemlea ni kaka yake Abdihafid. Huyo ndiye aliyembeba mgongoni walipohama, aliyemkamulia maziwa na aliyekubali posa yake alipokuwa msichana mkubwa. Mumewe, Shuaib, dereva wa lori la mifugo, alipofariki kwa ajali barabarani, Abdihafid alikuja na punda wawili, akapakia vyombo, akamchukua dada yake pamoja na Fartun, binti wa Muslimo, akawajengea karibu na boma lake.

"Abaayo," alimwambia, maana hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, yaani dada, "hapa huombi ruhusa ya kukaa."

Wazo la majani lilimjia Muslimo akiwa anatafuta kuni. Mahali fulani watu walikuwa wamekata mathenge na kuyarundika, na mbuzi hawakuweza kupenya. Chini ya miiba ile, kwenye ardhi iliyokuwa imeshindikana miaka mingi, nyasi zilikuwa zimechipua. Alichuchumaa akazishika. Zilikuwa zile zile alizokuwa akilalia utotoni wakati kaka yake akichunga.

Akawaeleza wenzake, Osob na Nasteho na wengine, kwamba wakizungushia ua kipande cha ardhi na kuchimba mashimo ya nusu mwezi ya kushika maji ya mvua, malisho yatarudi. Wanaume wengi walicheka. Mmoja alisema wanawake wameamua kuwajengea panya nyumba. Kesho yake Abdihafid alifika na jembe begani, yeye ambaye maishani hakuwahi kushika jembe, akaanza kuchimba upande wa juu, penye udongo mgumu zaidi. Baada ya hapo hakuna aliyecheka kwa sauti.

Wazee walipokutana kuwakabidhi wanawake ardhi ile, palizuka swali la lini mifugo iruhusiwe kuingia. Kila mtu alikuwa na lake. Abdihafid ndiye aliyelimaliza.

"Mnyama asiingie kabla mbegu hazijakomaa zikaanguka chini," alisema. "Tukiwahi, tutakula mara moja na basi. Na sheria iwe ya wote. Hata ng'ombe wangu."

Ikakubaliwa hivyo, ikasomwa dua, watu wakanywa chai.

Majani yaliota. Misimu ya kwanza ilikuwa mizuri. Mbegu zilianguka, lango likafunguliwa, ng'ombe wakala, likafungwa tena. Swara walianza kuonekana asubuhi, na ndege ambao watoto hawakuwajua majina. Halafu mvua ikakoma. Msimu ukapita mkavu, ukafuata mwingine, na mwingine. Watu walihamisha mifugo mbali kabisa, wengine hadi kuvuka mpaka wa kaunti, na kila mahali walikuta waliotangulia wamekwisha kumaliza. Mizoga ilianza kulala kando ya barabara ya Garissa.

Manyunyu kidogo yaliyopita upande wao yalitosha kuinua nyasi ndani ya ua, kwa sababu ya yale mashimo, lakini hayakutosha kuleta kitu nje. Kwa hiyo watu wakaanza kuja langoni. Wa kwanza alikuwa mtoto wa Nasteho, amebakiwa na mbuzi wachache. Nasteho mwenyewe alikuwa zamu ya ulinzi siku hiyo. Alimtazama mwanawe, akawatazama wenzake, akasema, "Mbegu bado mbichi. Rudi." Mbuzi wale walikufa wote. Nasteho aliendelea kuja zamu kama kawaida, na hakuna aliyethubutu kumpa pole kwa maneno mengi.

Mwezi uliofuata Abdihafid akarudi kutoka mbali. Alikuwa ameondoka na kundi la ng'ombe lililokuwa fahari ya ukoo. Alirudi na wale wachache walioweza kutembea. Hakwenda langoni. Aliwalaza chini ya kivuli chembamba, mahali ambapo upepo uliwaletea harufu ya majani.

Muslimo alimpelekea chai na maji.

"Abaayo, majani yamependeza," alisema Abdihafid.

"Alhamdulillahi."

Akanywa kidogo. "Mbegu zitaanguka lini?"

"Bado kidogo, walaal," alimjibu, yaani kaka. "Inshallah bado kidogo."

Abdihafid akaitikia kwa kichwa, akamaliza chai yake. Muslimo alibaki amesimama pale na birika mkononi, akingoja aombe. Baadaye alimwambia Fartun kwamba kama angeomba, hajui angefanya nini. Lakini Abdihafid hakuomba. Sheria ilikuwa yake.

Jioni hiyo Muslimo alimwendea Osob, aliyekuwa msimamizi wa zamu.

"Tumfungulie upande mmoja tu," alisema. "Ule wa chini."

Osob alikuwa rafiki yake tangu utoto. Alimshika mkono. "Nasteho tutamwambia nini?"

Muslimo alirudi nyumbani akaezua nyasi kavu zote za kibanda cha mbuzi wake, akawapelekea ng'ombe wa kaka yake. Aliwapa maganda ya mahindi, aliwapa maboksi ya karatasi yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi, kama watu wengine walivyokuwa wakifanya. Ng'ombe walianguka mmoja baada ya mwingine. Mnyama akishalala na kushindwa kuinuka, Abdihafid alikaa karibu naye, akimfukuzia nzi usoni kwa ncha ya kikoi chake mpaka pumzi ilipokata. Muslimo alikuwa akimwona kutoka langoni. Kati yao palikuwa na ua wa miiba na majani yanayoyumba.

Mbegu zilipoanguka, lango lilifunguliwa. Watu walifika na wanyama wao waliokonda, wakisukumana, kila mmoja akihofia majani yatakwisha kabla yake. Palihitajika mtu wa kuwapanga. Abdihafid alijitokeza, akasimama langoni na fimbo yake, akaruhusu mama na ndama kwanza, kisha wadhaifu, kisha waliobaki. Watu walimtii kwa sababu walimheshimu, na pia kwa sababu kila mtu alijua hakuwa na mnyama hata mmoja wa kuingiza.

Wiki ile ile alihamia Garissa, kwa mwanawe Mursal mwenye duka dogo mtaa wa Iftin. Alimuaga dada yake kwa adabu, akamwombea dua, akapanda gari.

Muslimo alijitahidi kuvumilia, kisha akamfuata kumtembelea. Alimkuta kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka, shati limepigwa pasi, mikono juu ya magoti. Mikono ile haikuwa na kazi na haikujua ikae wapi.

"Karibu, Mama Fartun," alisema, akainuka, akamtafutia kiti, akamwagizia soda.

Muslimo aliishika chupa bila kunywa. Hakuwahi kuitwa hivyo na kaka yake. Walizungumza juu ya bei ya sukari, joto, na masomo ya wajukuu. Kila alichouliza kilijibiwa vizuri, kama anavyojibiwa mgeni. Mwishoni akashindwa kuvumilia.

"Una hasira na mimi?"

"Wallahi sina. Ulifanya haki. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema." Halafu Abdihafid akageuza macho barabarani, palipokuwa na mkokoteni wa punda uliopakia mitungi ya maji. "Lakini nikikuona, nawaona wao."

Njia nzima ya kurudi Muslimo alijifunika uso kwa mtandio, na abiria wenzake wakadhani anaumwa.

Mwisho wa mwaka uliofuata mvua ilinyesha kama haijawahi kunyesha. Maji yalijaa lagani, ile mikondo inayokauka kiangazi, Tana ikafurika, barabara zikakatika. Upepo ulikuwa umezibeba mbegu nje ya ua, na sasa nyasi zikaota hata mahali ambapo hakuna aliyepanda. Wanawake walikuwa wakicheka kwenye matope. Ndipo simu ya Mursal ikafika. Baba yake alikuwa ameugua kifua kwa siku chache tu, akafariki. Wangezika alasiri hiyo hiyo.

Muslimo alitembea hadi pale barabara ilipokuwa imezama. Alisimama ukingoni akiyatazama maji ya kahawia yakipita, yamebeba matawi na mapipa. Hakukuwa na gari wala mashua iliyokubali kuvuka. Wakati wa maziko ulipokaribia alirudi, akatandika mkeka, akamwombea kaka yake akiwa peke yake, huku mvua ikipiga juu ya bati.

Watu wengi wamekuja kuyaona malisho yale tangu hapo. Walikuja hata wafugaji kutoka Takaba, mbali sana, wakachota mbegu wakaenda nazo. Muslimo huwatembeza na kuwaonyesha mashimo. Wakimwuliza nani alichimba yale ya juu, kwenye udongo mgumu, husema, "Kaka yangu," na kuendelea mbele.

Katika mkutano mmoja, Muslimo ndiye aliyesimama kuomba sheria ibadilishwe kidogo: pembe ya chini ya malisho itengwe kwa ajili ya mifugo iliyodhoofika, iingie hata kabla ya mbegu kuanguka. Alisema kwa sauti yake ile ya chini, na wa kwanza kuinua mkono kumuunga alikuwa Nasteho. Ikapita bila ubishi.

Kiangazi kilichofuata, mzee mmoja aitwaye Korane alifika na ng'ombe wawili waliokuwa wakijikokota. Hakuwa wa ukoo wao. Alianza kueleza alikotoka, huku akiomba radhi kwa kusumbua. Muslimo hakumwacha amalize. Aliyavuta matawi ya mgunga, miiba ikamchana kiganja, akamwonyesha njia. Ng'ombe waliingia, wakainamisha vichwa.

"Osob," aliita, "nishikie lango."

Akaenda nyuma ya ua, upande usio na watu, akakaa chini na kulia kwa sauti. Osob alimsikia. Alifunga matawi taratibu, akamgeuzia mgongo, akamwacha alie.