Mwalimu Maharagi wa Bunia

Saa moja na nusu asubuhi. Kengele ya shule imekwisha kulia, na maji ya mvua bado yanadondoka kutoka kwenye mabati. Mwalimu Ukumu, ambaye nyumbani na kanisani wanamwita Sylvestre, anaingia darasa la tano la sekondari, anafuta ubao kwa kitambaa kibichi, kisha anaandika maneno matatu ya Kiingereza: full of beans. Anageuka. Wanafunzi hamsini na wawili wanamtazama, na wale wa nyuma wameanza kubana vicheko.

"Neno kwa neno, ni kujaa maharagi," anasema. "Lakini tumbo halimo humo. Ni mtu mchangamfu, mwenye nguvu, roho yake inacheza. Wakubwa wenu niliwafundisha vingine, nikawapotosha. Haya, nipeni sentensi."

Msichana mmoja anasimama. Anasema mwana-mbuzi wao akifunguliwa kamba asubuhi huwa full of beans. "Vema," mwalimu anajibu. Mwingine anasema bibi yake amepona malaria na leo yu full of beans, anatukana kila anayepita uani. Darasa zima linaangua kicheko. Mwalimu anatabasamu kidogo, macho yakiwa chini.

Mwalimu mwingine angemaliza somo hili na kulisahau kabla ya mapumziko. Sylvestre kila akiyaandika maneno hayo, anasema, mkono humwia mzito kama wa mtu anayeandika jina la marehemu.

Ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa upande wa Mahagi katika familia ya wakulima Wakatoliki, akaja Bunia kufundisha mwaka 1971, akiwa na miaka ishirini na minne. Mshahara wake wa mwezi haununui magunia mawili ya unga wa muhogo, na huo wenyewe huja unapotaka. Mkewe, Pétronille, ndiye anayeilisha nyumba kwa shamba lake. Kilichobaki kwa Sylvestre kilikuwa jina. Mtaani aliitwa "Mwalimu wa Kiingereza", na wazazi walimpisha njiani.

Kiingereza chenyewe alikipata kwa padre Mbelgiji, ambaye naye alikipata vitabuni. Kingine alijiokotea katika kitabu cha hadithi kisicho na jalada, alichokinunua sokoni Mahagi kwa watu waliotoka Uganda. Humo alisoma kwamba watoto, baada ya chakula cha jioni, walikuwa full of beans wakakimbilia bustanini.

"Nikajiambia, hii ni kushiba," anaeleza. "Huku kwetu mtu akila maharagi na ugali wa muhogo, amejaa. Nani angenibishia?"

Mmoja alimbishia. Alikuwa kijana mrefu, mpole, jina lake Lambert, aliyekuwa na ndoto ya kuvaa koti jeupe la hospitali. Alinyoosha mkono akauliza: kama watoto wale walikuwa wameshiba hadi kujaa, mbona walikimbia? Mtu aliyeshiba si hulala?

Sylvestre hakuwa na jibu. Alikuwa na ulimi. Alimwambia Lambert aje mbele, akamkabidhi chaki, akasema, "Haya, professeur, tufundishe. Mimi nitakaa kwenye benchi lako." Darasa lilicheka hadi Lambert akatokwa na machozi. Tangu siku hiyo hakuuliza tena. Alikariri kila alichopewa, na katika mtihani aliandika kwamba full of beans ni tumbo kujaa. Akapata alama zote.

Miaka ikapita. Lambert akawa muuguzi katika hospitali moja ya mjini. Mwaka juzi alikuja pale daktari mwanamke kutoka Uingereza, asiyejua Kiswahili na mwenye Kifaransa cha kuomba maji tu. Lambert, kwa kuwa alikuwa na Kiingereza, akawekwa awe mdomo wa wagonjwa.

Na Sylvestre? Mji mzima ulimwambia, "Mwalimu, dada yako wa Kiingereza amefika, nenda mzungumze!" Hakwenda. Siku moja alimwona daktari akija kwa miguu kutoka sokoni, akavuka barabara na kujifanya anachagua ndizi.

"Niliogopa aninuse," anasema. "Kama samaki anavyonuswa kabla ya kununuliwa. Niliogopa anisemeshe mbele ya watu, nisimwelewe."

Ndipo likaja jambo la Angélique.

Huyu ni mtoto wa miaka sita, binti wa mama mmoja wa Irumu anayeitwa Faida, muuza unga. Aliletwa hospitali akitapika, hali chakula, hachezi. Asubuhi ya pili tumbo lake lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma. Lambert aliligusa, akatoka mbio kumtafuta daktari, akamkuta ameshashika mlango wa gari, anakwenda chanjo ya vijijini. Daktari akauliza, yule msichana wa kitanda cha dirishani anaendeleaje?

Lambert alitafuta kichwani neno la tumbo lililojaa. Alikuwa nalo. Alipewa shuleni, na alilipatia alama zote.

"She is full of beans," akasema.

Daktari akacheka kwa furaha, akampiga begani, akapanda gari na kuondoka.

Lambert anakumbuka kwamba alibaki uani ameduwaa. Alimwambia Faida, "Mama, daktari amecheka. Pengine haiko mubaya." Akaendelea kumpa mtoto maji kwa kijiko, na mtoto akayarudisha yote.

Daktari aliporudi alasiri, alimtazama Angélique mara moja tu, akaagiza chumba cha upasuaji kifunguliwe. Minyoo ilikuwa imeziba utumbo, na sehemu yake ilikuwa imeanza kufa. Walikata, wakashona. Kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kumwambia Faida kama mtoto atapona.

Baada ya upasuaji daktari alimwuliza Lambert kwa nini alimdanganya. Lambert akaapa hakudanganya, akashika tumbo lake mwenyewe kuonyesha. Daktari akatikisa kichwa. Akarukaruka mara mbili sakafuni kama mwana-mbuzi, ili amwonyeshe maana ya maneno yale. Kisha akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso.

Lambert alikwenda shuleni wakati wa mapumziko, bado amevaa koti lake. Walimu wengine walikuwa wakinywa chai. Alikataa kiti.

"Mwalimu, ile neno ulitufundisha, haiko vile," alisema. "Sababu yake mutoto alikaribia kufa."

Sylvestre alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jambo ambalo, anasema, linamwaibisha kuliko kosa lenyewe: "Labda Kiingereza ya kwabo iko ingine."

Lambert hakupandisha sauti. "Nilikuuliza, mwalimu. Weye ulinipa chaki. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Alikumbuka hata benchi. Walimu waliokuwa wakinywa chai walitazama vikombe vyao, na Lambert akaondoka bila kuaga.

Siku ile Sylvestre hakula. Pétronille alimwuliza ana nini, akasema kichwa. Mkewe akangoja, kisha akasema, "Kichwa hakimfungi mtu mdomo hivi. Umemkosea nani?" Akamweleza. Pétronille hakumpoza wala hakumlaumu. Alimfungia ndizi mbivu kwenye kitambaa na kumwambia, "Nenda kwa yule mama. Kwa miguu yako."

Alimkuta Faida ameketi kando ya kitanda cha binti yake. Alijieleza kwa shida. Mama yule hakuelewa mwalimu wa shule anahusikaje na utumbo wa mwanawe, ikabidi aanze upya, polepole, mbele ya wagonjwa wote wa wodi.

"Sasa ile neno iko nini?" Faida aliuliza.

"Ni mutu mwenye furaha, mama. Mwenye kuchangamuka."

Faida alimtazama binti yake, midomo imekauka, mbavu zinahesabika. Akamgeukia mwalimu.

"Kama haukujua, sababu ya nini haukusema tu, miye sijui?"

Sylvestre anasema katika maisha yake amepigwa fimbo, amepigwa na askari, lakini hajawahi kupigwa namna ile. Safari hii hakutumia ulimi. Aliziacha ndizi, akatoka.

Mlangoni alikutana na daktari. Hapakuwa na barabara ya kuvuka. Alimsalimu kwa Kiingereza chake, akamwambia, kwa maneno aliyoyapanga vibaya, kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Lambert. Daktari alimsikiliza kwa makini. Alijibu polepole ili aeleweke: naye amekosa, maana kabla ya kupanda gari angeweza kurudi kumwangalia mtoto kwa macho yake. Hilo halikumpunguzia Sylvestre mzigo, lakini kabla hawajaachana alimwomba amruhusu kumletea maswali yake ya Kiingereza.

Angélique alipona. Amerudi Irumu kwa babu yake, mwembamba bado, ila anakula. Lambert ndiye hakurudishwa wodini. Aliwekwa kuchemsha sindano na kuosha chupa. Sylvestre amekwenda mara kadhaa kwa mkubwa wa wauguzi kusema kosa ni la mwalimu, na kila mara anaambiwa wataangalia. Lambert humsalimu wakikutana. Hajamwambia amemsamehe, na Sylvestre hajamwuliza.

Mkuu wa shule alimshauri anyamaze, asiharibu jina la shule. Sylvestre alisimama mbele ya kila darasa akaeleza yote. Ndiyo maana leo watoto wa mtaani humfuata wakiimba, "Mwalimu Maharagi! Mwalimu Maharagi!" Mwanzoni alipita njia za nyuma. Siku hizi hupita katikati ya barabara.

Alhamisi mchana hubisha hodi kwa daktari akiwa na maswali yake. Mengi ya aliyoyafundisha yalikuwa sawa. Machache hayakuwa, na hayo ndiyo yanayomnyima usingizi, kwa kuwa wanafunzi wake wametawanyika Boga, Mahagi, hata kwenye machimbo.

Likizo kubwa ikifika, anataka kupanda lori hadi Mongbwalu. Huko yuko Mbuyi, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa huwatafsiria wachimbaji wanapouza dhahabu kwa wageni. Njia ni mbaya, na machimboni watu hawana adabu na mwalimu. Pétronille amemwuliza itakuwaje wakimcheka.

"Wacheke," Sylvestre anasema, akikung'uta chaki mikononi. "Siendi kutafuta heshima. Namtafuta Mbuyi, kabla hajamwambia mtu neno langu."