Nilimnyoa mbwa wa marehemu mama siku ya kuanua matanga, nusura nimuue

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nikiwa kijijini kwetu Kilema, mlimani Kilimanjaro, manyunyu nje, na sina wa kumsimulia zaidi yenu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni kinyozi, kibanda changu kipo Rau, Moshi mjini. Mama aliishi peke yake huku juu tangu baba afariki, basi dada yangu wa Dar akamletea kambwa kadogo, Yorkshire terrier.

Kwa msiomjua: kilo tatu hivi, masikio yamesimama, nywele laini zinaburuza chini. Mgongoni rangi ya chuma, usoni kahawia ya dhahabu. Ana ndevu, ndiyo maana mama akamwita Meku, yaani mzee kwa Kichagga.

Majirani walicheka sana. Mbwa wa huku analinda ng'ombe, huyu hata jogoo alikuwa anamkimbiza.

Mama akafariki mwezi wa sita.

Siku zote za msiba hakuna aliyemchana Meku. Nywele zikajifunga mafundo makwapani na nyuma ya masikio. Siku ya kuanua matanga wafiwa tukanyoa, kama desturi yetu ilivyo, na mashine nilishika mimi. Nilipomaliza vichwa vyote mjomba akauliza, "Na huyo je? Si mfiwa naye?"

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu tuzike. Nami kwa kupenda sifa, nikampiga kipara mwili mzima, nikamwachia ndevu tu.

Kesho yake wote wakaondoka. Dar, Arusha, mmoja akavukia Holili kurudi Kenya. Nikabaki mimi kufunga nyumba.

Baridi ya huku mwezi wa sita si ya mchezo. Meku akaanza kutetemeka, nikadhani ni huzuni. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Wakuu, niliogopa. Nimetoka kumzika mama, sasa namzika na wa kwake?

Nikamtia ndani ya koti, nikashuka naye Moshi kwa daktari wa mifugo. Mama mmoja mkali huyo!

"Wewe kinyozi gani? Hizi ni nywele kama zako, chini yake hana manyoya mengine ya kumkinga. Umemvua nguo kwenye baridi!"

Alimtundikia dripu, akanipa masharti. Avae sweta. Ale kidogo kidogo mara nne kwa siku, maana sukari yake hushuka haraka. Mifupa ya kuku marufuku. Nywele zikirudi achanwe kila siku, za usoni zifungwe juu zisimchome macho, aoshwe kwa shampoo ya mbwa, siyo yetu. Na meno apigwe mswaki, msicheke.

Nikakata mkono wa sweta la mama, nikamvalisha. Mwili ukapona, ila kula mpaka nimbembeleze. Nikimchana zile ndevu anageuza uso.

Siku moja jirani yetu Mama Aloyce, anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe, akanikuta.

"Sasa baba, mbona unamchana kimya hivyo kama mteja? Mama yako alikuwa anaongea naye. Kila jioni, Kichagga kitupu, tunamsikia mpaka kwetu."

Nikamuuliza alikuwa anaongea nini.

"Si habari zenu? Nani kapiga simu, nani hajapiga."

Kutoka Rau mpaka hapa ni saa moja tu. Mimi nilikuwa nakuja Krismasi na Pasaka.

Alipoondoka nikaanza kumsimulia Meku, Kichagga changu cha kuokoteza. Akatulia. Akaweka kidevu kwenye goti langu. Nililia wakuu, sioni aibu kusema.

Nyumba sijaifunga mpaka leo. Asubuhi nashuka kazini naye, jioni tunapanda.

Nilichojifunza: mbwa huyu si pambo, ni kazi ya kila siku. Na ukimnunulia mzazi mbwa wa kumwondolea upweke, jiulize kwanza hiyo kazi ilikuwa ya nani.

Mliofuga hawa, nywele zinachukua muda gani kurudi? Karibuni, hata wa kunicheka. Nitasoma comment zote, nimsomee na Meku.