Kikombe cha Maji Nilichoshindwa Kuonja

Siku hizo dawa ya wadudu ilikuwa imeanza kuuzwa kila duka, nasi tukapuliza kabichi kama watu wanaozima moto. Ndipo serikali ikakataza kulima kando ya kijito. Bwana shamba akapanda mpaka kwangu Shume kuniambia ning'oe mistari minne ya mwisho kando ya maji, yenye kabichi nene kuliko zote.

"Shikamoo mama. Dawa inashuka kwa wanaokunywa huko chini."

"Marahaba. Maji haya nimeyanywa kabla hujazaliwa."

Ili nimnyamazishe, nikachota kikombe palepale chini ya shamba, nikampa. Akakipokea kwa mikono miwili, akanirudishia kwa adabu.

"Mwenyeji huonja kwanza, mama. Au desturi imefutwa?"

Haikufutwa. Kikombe kikafika mdomoni, kikakwama. Asubuhi ileile nilikuwa nimesuuza bomba la dawa kijitoni, hatua chache tu juu ya pale nilipochota.

"Yana baridi," nikasema.

"Nitasubiri yapate joto," akasema, akakaa juu ya jiwe.

Mpaka jioni nilikuwa nang'oa kabichi, yeye akinishikia tenga. Nikampa moja kubwa. Nikamwambia aioshe vizuri.