Mnazi Uliohalifu Sheria

Nimerudi Changamwe, msomaji wangu, na sikurudi mikono mitupu. Nilisomea mitambo ya kupoza hewa, nikapata diploma, nikaenda Uarabuni kufunga viyoyozi katika majumba ambayo wengi hapa huyaona kwenye simu tu. Sikurithi hata tofali. Ghorofa hii nimeisimamisha kwa jasho langu, pale pale palipokuwa na nyumba ya nyanya yangu, chini ya njia ya ndege. Juzi nimekuta ukuta wa mbele umepakwa rangi nyekundu na kubandikwa ilani ya Kiingereza: orofa ya juu imepita kimo. Sikumaliza kuisoma. Niliona neno "contravene", nikakaa ngazini.

Neno hilo mimi nililijua kabla sijavaa viatu.

Nyumba ya nyanya ilikuwa ya udongo na makuti. Ndege ikija kutua, vikombe vilitetemeka kwenye sinia, naye huinua mkono, akasubiri, kisha akaendelea na hadithi pale pale alipoikatia. Kazi yangu ya alfajiri ilikuwa kukuna nazi, nimekalia mbuzi, mbaazi zikitokota na iliki ya mahamri ikinukia ua mzima. Nazi zote zilitoka kwenye mnazi mmoja mrefu, alioupanda alipomzaa mama. Mahamri na mbaazi aliuza, ndivyo tulivyoishi.

Siku moja wakaja mabwana wawili wa uwanja wa ndege na karatasi. Jirani yetu, mwalimu wa Kiingereza, akaitwa kuisoma.

"Wasema 'contravene', yaani mnazi umehalifu sheria ya kimo, mama."

"Mnazi? Umemtukana nani?"

Majirani wakaangua kicheko. Mwalimu akaeleza kwa upole kwamba mzazi huasiwa, maana anayemwasi ana masikio na amesikia. Neno hili la kwenye karatasi lakini halitaki nia. Hutumika kwa sheria iliyoandikwa, na hata kitu chaweza kulitenda: nyumba, ukuta, mti. "Sheria imeishia hapa, wewe umefika pale. Basi, limekushika, hata kama umesimama tu." Nikalihifadhi papo hapo. Shuleni hakuna mwenzangu aliyekuwa nalo, nami niliwatambia nalo muhula mzima.

Nyanya hakucheka. "Mbingu yote ile, ndege zenu hazioni pa kupita ila kwangu?"

"Tutakata kilele tu, mama," bwana mmoja akasema.

"Mnazi hukatwa kilele, we mwana wa watu? Si bora unikate mimi!" Akaukumbatia. Sauti ikashuka. "Wallahi, niacheni nao. Nina wajukuu hawa."

Mama zangu wadogo walimbandua vidole kwenye gome kimoja kimoja.

Tangu hapo nazi tukanunua sokoni, tui likawa jepesi, wateja wakapungua. Ndege ikipita, nyanya hakuinua mkono tena. Alisema tu, kelele ikimfunika, nasi hatukujua alilosema.

Mimi, kwa ilani yangu, nimekwenda ofisini kwao nikiwa na suti. Nimesema Kiingereza ambacho karani mwenyewe alikisifu. "Kizuri sana, bosi. Lakini itavunjwa." Nimerudi tena. Nimengoja kwenye benchi hadi milango ikafungwa. Nimebembeleza, mimi, mtu niliyezoea kubembelezwa.

Vyumba vile vya juu ni vya wanangu. Wamezaliwa ughaibuni, na kila wakija hulala hoteli ya ufukweni, wakaondoka bila kujua babao alikulia wapi. Safari hii walikubali kukaa kwangu. Nyanya hayupo, mwalimu hayupo, ua wa udongo nimeumwagia saruji kwa mikono yangu. Sina kingine cha kuwaonyesha nikasema: hapa ndipo kwenu.

Asubuhi ya leo amekuja fundi, yule yule aliyejenga. Nimemwita mwenyewe, maana wakija wao na mashine, hata chini hakutasalia. Amepanda juu na nyundo, akachungulia dirishani.

"Nianzie wapi, bosi?"

Nimemwambia aanze na baraza ya huko juu. Kisha ngazi ya juu. Kisha choo. Amebaki ananitazama, akisubiri nitaje vyumba.