Nilisema Mabichi

Kazi yangu ghalani, karibu na gati ya Kisumu, ilikuwa kuuma mahindi. Usicheke. Miaka ya themanini, kabla mwenye ghala hajanunua mashine ya kupima unyevu, mashine ilikuwa mimi. Unatoa punje katikati ya gunia, unaiuma kwa gego. Ikilia ka!, mahindi ni makavu, yanapanda meli kwenda kuuzwa ng'ambo ya ziwa. Ikibonyea, gunia linarudi nyumbani na mwenyewe. Nilikuwa na kiburi cha ajabu. Wanawake walioleta magunia walinibembeleza, nami niliwatemea punje karibu na miguu.

Aliyenifundisha kuuma ni shangazi yangu wa kijiji cha Kisian, Waya, ndiye aliyenilea. Hakuna aliyeanika mahindi kama yeye. Mwaka huo paa lake lilikuwa limeoza, akawa anauza kila gunia apate mabati kabla ya mvua. Na mnunuzi alikuwa mmoja tu, kwa sababu kusafirisha mahindi kulihitaji kibali, na mwenye kibali ni huyo mwenye ghala.

Basi gego likanivimba, upande wa kulia. Kushoto nilishang'olewa zamani. Hata ugali ulinishinda. Kusema? Thubutu! Nje walisimama wanawake wenye meno mazuri wakiitaka kazi yangu. Nikawa natia punje shavuni, natikisa taya, natema. "Makavu! Pitisha!" Wiki mbili nzima, haki ya Mungu, sikuuma kitu.

Meli ikarudi na magunia yetu. Ukiyagusa yana joto, ndani kuvu ya kijani. Mnunuzi wa ng'ambo alituma neno kwamba hataki tena mahindi ya Kisumu, atanunua kwingine. Mwenye ghala akaja mlangoni ametoa macho. "Nani alileta haya?"

Ningejuaje? Waya alikuwa wa kwanza kwenye foleni na gunia lake. Wale wengine wangenirukia. Yeye asingenirukia, alinipenda. Nikanyoosha kidole.

"Ni huyu."

Waya alisogea mbele. Alifungua gunia, akatoa punje, akanipa mkononi. "Mwanangu, uma basi. Uwaambie."

Nikauma. Uchungu ulipanda mpaka jichoni. Makuli walikuwa wakipiga kelele zao, lakini punje ililia ka! ndani ya kichwa changu, na Waya, aliyeniinamia karibu kabisa, akaisikia. Nilimwona akisikia. Uso wake ulianza kutulia, akidhani mambo yamekwisha.

"Mabichi," nikasema.

Mwenye ghala akamwambia asikanyage hapo tena.  Waya aliniangalia mdomo tu, kisha akalishika gunia lake na kuanza kuliburuta kuelekea barabarani, peke yake, mgongo umepinda. Nilifuta machozi ya jino.

"Anayefuata!" nikaita.