Kibuyu cha Uji wa Mzazi

Ukwaju ukigusa uji wa wimbi, harufu yake bado inanirudisha utotoni.

Mama alikuwa amejifungua siku tatu tu zilizopita. Majirani walimletea uji kwenye kibuyu, maana kwetu mzazi hashiki kazi. Analala, anakunywa, damu inarudi. Shangazi, dada yake baba, akaja kutoka Busia, akakaa kwenye mkeka, akakivuta kibuyu kwake.

"Wifi, kulala mchana ni ugonjwa wa wavivu," alisema, uji ukimchuruzika kidevuni. "Mahindi yangu yanangoja kuvushwa mpaka."

Mama akajifunga leso tumboni, akajitwika debe la mahindi, akafuata njia ya panya. Mimi nilibaki na kichanga kinalia. Shangazi alikunywa hadi tone la mwisho, kisha akanitupia kibuyu. "Kaoshe." Nilichovya kidole ndani, nikaambulia chenga za wimbi. Jioni mama alirudi blauzi imelowa maziwa, miguu imevimba. Mgongo wake haukunyooka tena.

Leo shangazi yuko kwangu Tororo, ametoka hospitali. "Mwanangu, lete huo uji," ananiambia. "Daktari kasema nipumzike, nile vizuri, nisijipe mawazo."

Namwambia daktari kasema kweli. Najaza kibuyu, nampita, naingia chumbani alimolala mama mchana huu. Anakunywa polepole, nami simharakishi. Akimaliza, narudi sebuleni na kumwekea shangazi kibuyu kitupu mapajani.

"Kaoshe," namwambia.