Ngazi Tisa Zilizomezwa na Ziwa

Mchezo ule aliuweka binti yangu kwenye simu yangu, alipokuja Uvira kwa likizo ya wiki mbili. Ulitengenezwa na vijana wa mjini wapendao mambo ya kale. Simu inakupa fumbo, fumbo linakupeleka kwenye jengo la zamani au kona fulani ya mji, na ukifika unaulizwa swali. Ukijibu sawa, linafunguka fumbo jingine. Yote yalikuwa saba.

Tulipanga kuyafuata pamoja Jumapili baada ya ibada. Ijumaa mkubwa wake wa kazi akampigia arudi Kalemie haraka, na Jumamosi asubuhi nikamsindikiza bandarini Kalundu. Kabla ya kupanda boti alinisihi nisiuache mchezo. Nikamwambia nitamngoja arudi tucheze wote. Akainama kufunga begi lake ambalo lilikuwa limekwisha kufungwa.

Jumapili nilipika chakula cha watu wawili kwa mazoea. Nilikula nusu, nikafunika kilichobaki, nikakaa. Nyumba yetu iko Rugenge, na tangu mume wangu afariki nimejifunza sauti zote za nyumba hiyo: bati linapopata joto, maji yanapodondoka kwenye ndoo. Mchana ule sikuweza kuzivumilia. Nikachukua simu na kitambaa cha kichwa, nikatoka.

Fumbo la kwanza lilinipeleka kwenye kanisa la zamani, nihesabu madirisha yanayotazama ziwa. La pili lilikuwa ukuta wa mawe nyuma ya soko. Nimefundisha historia shule ya msingi karibu maisha yangu yote, nimewakaririsha watoto habari za falme za mbali, lakini ukuta ule nilikuwa nikiupita nikitafuta nyanya, sikuwahi kuuliza ulijengwa na nani. Niliona haya kidogo, peke yangu, katikati ya watu.

Pale ukutani walinikuta vijana wanne, simu mkononi, wakicheza mchezo uleule. Walikuwa wakibishana na kusukumana kwa mabega. Mmoja wao, msichana, alinisalimu kwa adabu akaniuliza kama nimepotea njia. Nikamjibu kwamba namngojea mtu. Walipoondoka nilisimama pale muda mrefu, ili wasinione nikiwafuata nyuma.

Fumbo la tatu lilikuwa rahisi; la nne ndilo lililonishinda. Lilisema niende kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa zamani, yenye baraza pana mbele ya ziwa, nihesabu ngazi za kuingilia. Nyumba niliipata. Lakini waliotunga fumbo bila shaka walitumia picha za zamani, kwa sababu ziwa lilipopanda lilikuja hadi barazani na halijarudi. Kuta zimesimama ndani ya maji, milango imeng'olewa, na mahali pa ngazi pana maji ya kahawia tu. Nilijaribu kuandika tano, simu ikakataa. Saba, ikakataa.

Pembeni, juu ya kipande cha ukuta kilichoanguka, kulikuwa na mwanamke wa rika langu akifua nguo. Aliniuliza ninatafuta nini.

"Ngazi za hii nyumba, mama," nikamwambia. "Simu inauliza ziko ngapi."

Hakucheka. Alikamua nguo aliyokuwa nayo, akaiweka kwenye beseni.

"Zilikuwa kenda. Ya chini ilipasuka katikati. Nilizipangusa kila asubuhi, miaka kumi na mine."

Nikaandika tisa. Simu ikakubali, ikatoa mlio wa furaha ambao pale ulisikika vibaya.

Alinieleza kwamba alikuwa mfanyakazi wa ndani humo. Maji yalipoingia, wenye nyumba walihamia ng'ambo, Bujumbura, wakamwachia masufuria na ufunguo. Siku hizi anaishi kwa dada yake mbali na hapo, ambako bomba liko karibu zaidi, lakini nguo anazileta huku. Hakusema kwa nini, nami sikumwuliza. Kisha akanyoosha kidole kwenye simu.

"Na weye unacheza na nani?"

Ningeweza kumdanganya kama nilivyomdanganya yule msichana.

"Niko peke yangu. Mutoto amerudi kazini."

"Muchezo wa muntu mumoja iko mugumu," akasema, akanisogezea nafasi juu ya ukuta.

Nilikaa. Nilimshikia ncha moja ya shuka, naye akashika nyingine, tukakamua tukizunguka kinyume. Nilipomwomba twende wote kwenye fumbo la tano alikataa, akasema nguo hazijakauka.

Matatu yaliyobaki niliyamaliza, lakini siyakumbuki vizuri. Jua lilikuwa limekwisha kuingia nyuma ya milima simu iliponiambia nimeshinda, ikataka picha ya kundi langu. Nilimwomba motari mmoja, dereva wa pikipiki aliyekuwa akingoja abiria, anipige picha. Alirudi nyuma hatua mbili, akauliza wenzangu wako wapi. Nikamwambia apige tu. Nilimtumia binti yangu ile picha. Kesho yake akajibu kwa alama ya moyo mwekundu, akaandika kwamba yuko kwenye mkutano, atanipigia.

Alhamisi nilifunga shuka zangu mbili na sabuni, nikashuka ziwani, ingawa nyumbani nina bomba. Palikuwa na wanawake wengine, vijana. Niliwauliza kuhusu mwenzao aliyefanya kazi katika nyumba ile. Waliniambia ameenda Bwegera na dada yake kuvuna mpunga, na hawajui kama atarudi huku au atabaki.

Nilifua shuka zangu. Wa kunishikia ncha ya pili hakuwepo, nami sikutaka kuwasumbua wale vijana. Nilizikamua nusu nusu, nikazitia kwenye beseni, nikapanda nazo Rugenge kichwani, maji yakinichuruzika shingoni njia nzima.